O ya Pili

Hakuwa na duka, hakuwa na cheti, hakuwa na simu ya kupangusa, wala miwani yenye mikono miwili. Ndiyo maana Fundi Mabango alikuwa ameishikilia ile yake ya mkono mmoja puani kwa vidole huku binti yake akimsogezea simu yake mezani. Kingine asichokuwa nacho ni jina. Nusu ya maduka ya mji yalisomeka kwa mkono wake, lakini nani huuliza aliyeandika "Bei Nafuu"?

"Ukurasa huu unakusanya vitu vizuri kutoka dunia nzima," binti alisema. "Tazama, baba. Saa ya vijiko. Na huyu kafuma baiskeli nzima kwa uzi."

"Akiipanda itamfikisha wapi?"

"Haipandwi, baba, ni sanaa! Haya, sasa tazama hii."

Fundi aliinama. WATOTO: herufi nyekundu juu ya ubao wa rangi ya maziwa. Lilikuwa bango la duka la nguo alilofungua marehemu mkewe. Siku hizi pale pana muuza vocha, ambaye hakuliondoa kwa uvivu wa kutafuta ngazi. Ndani ya kila O palikuwa na uso wa mtoto.

"Maelfu ya watu wamekupenda, baba."

"Maelfu? Mimi nilisota miaka kumpata mmoja tu, mama yako."

Walicheka. Kisha binti akasema, "Nimewaandikia kwamba mchoraji ni wewe. Wanataka kuchapa kadi za kuuza, na nyuma waweke jina lako kamili. Wanasubiri ruhusa yako tu."

Jina lake kamili. Mzee alijikuta anafunga kifungo cha juu cha shati, kana kwamba kuna mtu anampiga picha.

"Na chini hapa wameandika nini? Nitafsirie."

"Wamesema ni mzaha mtamu. Mtoto mmoja yuko macho, mwenzake kalala."

Tabasamu lilimkauka. "Rudia hilo la mwisho."

"Kalala."

Fundi aliweka miwani mezani. "Mama, wewe uliambiwa nini kuhusu uso ule wa pili?"

"Kwamba mvua ilifuta macho."

"Mvua haifuti macho ikaacha kope."

Binti alijua kwamba alizaliwa pacha, na kwamba kaka yake aliondoka kabla hawajajifunza kutembea. La bango hakulijua. Baba akamweleza polepole, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake vyenye madoa. O ni herufi ngumu kuliko zote, haina pembe ya kufichia kosa. Alizichora mbili wiki waliyozaliwa, nyuso mbili, macho manne wazi. Kisha homa ikaja, ikachagua.

"Tulipomaliza matanga, mama yako akaenda kufungua duka. Hakuingia. Alisimama barabarani, shingo juu, watu wanampita. Akaniambia, 'Baba watoto, mwanangu bado kakodoa macho. Hakuna wa kumfumba?' Nikaleta ngazi. Nikafuta macho kwa rangi ya ubao, nikashika brashi ndogo kuliko zote. Kope mbili tu, kila moja kama ukucha. Mama yako ndiye aliyeshika ngazi. Lakini hakuishika ngazi, mwanangu. Alinishika miguu."

Binti aliifunika simu kifudifudi. Baadaye akasema, "Wakijua, hawatachapa. Nani atanunua kadi ya msiba?"

"Najua."

"Na jina lako, baba?"

"Nalitaka mpaka linaniwasha. Nisikudanganye." Alisugua viganja. "Lakini yule sitamfanya kichekesho cha watu ili nipate jina."

Aliomba karatasi. Binti alisema ingetosha kuwaandikia kwenye simu; mzee akatikisa kichwa, akaandika kwa mkono, na binti akatafsiri kwenye karatasi ya pili, akisimama mara mbili kupangusa pua.

*Uso wa pili si mzaha. Ni mwanangu, na mimi ndiye niliyemfumba macho. Mkiweza kuliandika hilo chini ya picha, ichukueni. Msipoweza, iondoeni.*

Chini yake alitia jina lake kamili. Binti aliandika juu ya bahasha anwani aliyoipata kwenye ukurasa ule; mzee akalamba gundi yake, akaikandamiza kwa ngumi, akaipitishia tena ukingo wa kidole gumba kama afanyavyo fundi asiyeiamini gundi ya watu.

Posta walipanga foleni. Zamu yao ilipofika mbele ya sanduku, mzee aliingiza bahasha nusu, akabaki ameishikilia. Nyuma yao mtu mwenye kifurushi akakohoa. Binti aliweka mkono juu ya mkono wa baba yake, na bahasha ikaenda. Walitega sikio wote wawili, lakini sanduku lilikuwa limejaa, na barua haikutoa sauti yoyote.