Mgeni Aliyekataa Mchi

Juzi alikuja bwana mmoja wa serikali kutoka Dublin, na daftari lake na suti ya kijivu, akitaka nimweleze niliyoyaona wakati Waairishi tulipopigania uhuru. Nikamweleza. Barua nilizobeba ndani ya soksi, daraja lililobomolewa, siku Tans, wale askari wa Mwingereza, walipochoma ghala la jirani na nguruwe ndani. Aliandika mpaka mkono ukamuuma, akala vipande vitatu vya keki yangu, akaondoka ameridhika. Habari ya mgeni wa Mei 1921 sikumpa. Hiyo sijampa hata padri.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kaka yangu Donncha alikuwa na siku tisa amejificha darini kwetu, anauguza homa, na wenzake kumi na mmoja walikuwa mlimani juu ya nyumba. Askari wa Mwingereza walikuwa wakimtafuta kwa jina. Wiki mbili kabla, parokia ya pili, jasusi aliyejifanya mpiganaji alikaribishwa chai, na kesho yake vijana wawili wakazikwa. Basi kila mbwa akibweka, nilikimbilia dirishani.

Asubuhi hiyo mama na mimi tulikuwa tunasukasuka maziwa tupate siagi. Kwetu Muskerry, ukiingia nyumba inayosukasuka unaibariki kazi, kisha unashika mchi wa pipa la maziwa na kupiga, hata mara tatu tu. Usipofanya hivyo unaondoka na siagi ya wenyewe, maziwa yao yasigande. Cheka ukitaka. Padri alikuwa akishika, na sajini wa polisi, zamani polisi walipokuwa bado wanaingia kwetu kwa amani, alivua kofia akashika.

Mgeni alikuwa kijana mwembamba, viatu vya mjini vimejaa matope. Alisema anaitwa Laurence, ametoka Dublin, ana barua ya Jer Dinneen, kamanda wa vijana wetu, na ameelekezwa amuulizie Donncha. Yote hayo aliyasema amesimama kando ya pipa, mikono mfukoni. Mama akaacha kupiga, akamsogezea mchi. Kijana akautazama, akarudi nyuma hatua moja kumpisha, akauliza kama anaweza kukaa karibu na moto.

Mwairishi gani asiyejua hilo? Nikasema nakwenda kuangalia kuku, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapanda ngazi ya darini.

"Kuna mtu chini anakuulizia kwa jina," nikamnong'oneza Donncha. "Si mwenzetu. Hakushika mchi."

Hakuniuliza jingine. Alishuka na homa yake, akapita nyuma ya ua kuelekea mlimani. Mimi nikarudi ndani, nikamkatia mgeni mkate, nikamchekea. Alikula kwa adabu sana. Nusu saa baadaye Jer Dinneen aliingia na vijana wawili, wapole kabisa, wakamwambia twende tukaisome barua yako huko juu. Akatushukuru kwa chakula, akawafuata kama anayekwenda kanisani.

Mama aliniangalia. "Umewaambia nini?"

Nikamweleza. Nilidhani atanisifu. Mama alikuwa amefanya kazi za ndani Dublin miaka minne kabla ya kuolewa, na sijapata kuona uso umemparama vile.

"Dublin siagi wananunua dukani, we mtoto. Yule hata pipa lenyewe hajapata kuliona. Kimbia!"

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzangu. Nilikimbia. Nilipita kinamasini, mguu mmoja ukazama mpaka gotini, nikapoteza kiatu, sikurudi kukichukua. Njia nzima nilitega sikio kusubiri mlio wa bunduki, na kila nilipokosa kuusikia niliongeza mbio, huku nimeahidi sala za novena kwa kila mtakatifu ninayemjua na wengine nisiowajua vizuri.

Niliwakuta kwenye zizi bovu la kondoo. Laurence alikuwa amepiga magoti, mikono imefungwa kwa kamba. Alikuwa hai. Aliponiona uso wake ulikunjuka, maana alijua nimekuja kwa ajili yake.

Nikamwambia Jer nimekosea, watu wa mjini hawajui mambo ya mchi. Jer alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkatili, na hili nalisema bila kumpendelea. Alisema barua ipo, lakini barua hata Mwingereza anajua kuandika, na mwenzetu wa mjini Cork ambaye angemtambua kijana huyu alikamatwa Jumanne.

"Nikimwachia, ameshaona njia, ameshatuona sura," akasema. "Watu kumi na wawili hawa, dada. Una hakika naye?"

Donncha alikuwa ameegemea ukuta, anatetemeka kwa homa, bunduki kifuani. Nilimtazama. Kisha nikamtazama Laurence, naye ananiitikia kwa kichwa, taratibu, kana kwamba ananifundisha neno la kusema. Lilikuwa neno moja tu. Nilifungua kinywa, nikaona nyumba ya parokia ya pili na majeneza mawili.

"Sijui," nikasema.

Jer akaniambia nirudi nyumbani. Nikarudi. Mlio niliusikia nikiwa kinamasini, sikugeuka.

Mwezi Julai vita vilisimamishwa, na Agosti mwanamke mmoja akaja kwetu kwa miguu kutoka stesheni. Mwanawe alikuwa mjalidi wa vitabu Dublin, alitumwa huku na barua, na wakubwa wa kijana walikuwa wamekwisha kumwandikia mama huyo kwamba kumetokea kosa. Hivyo ndivyo walivyoliita. Mama alishindwa kukaa naye chumba kimoja, akatoka nje, akaniacha mimi peke yangu na yule mama.

Hakulia, wala hakuniuliza nani alisema nini. Nadhani alidhani mimi ni mtoto tu wa nyumba. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili, akauliza jambo moja: kama Laurence wake alipata padri wa kumwungamisha kabla ya kufa.

Padri alikuwa maili sita. Hakuna aliyemfuata.

"Alimpata," nikasema.

"Una hakika, mwanangu?"

"Ninayo hakika," nikamjibu, wala sikusita hata kidogo.