Jina Lililopita Hewani

Tangu redio ya mkononi ipotee ghalani Isongole, Mama Lugano hakubonyeza tena kitufe cha redio kabla ya kumwomba Mungu. Aliomba kimyakimya, midomo ikicheza, kisha ndipo alipoinama na kusema, "Isongole, Isongole, Tukuyu inaita." Kila alipokiachia kitufe na kusikia mkwaruzo tu, aliisogelea redio. Alijiuliza ni nani mwingine aliyekuwa ametega sikio.

Jina lake hasa ni Atuganile. Mumewe alikuwa amekwisha kulala kaburini zamani, na yeye alibaki na mtoto mmoja, Lugano. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua kahawa, magari mageni yakajaa Rungwe nzima, na Mzee Boazi naye akafungua kampuni yake pale Tukuyu. Lugano akapata kazi ya udereva. Mama yake akapewa chumba cha redio nyuma ya ghala, kwa kuwa Mzee Boazi alikuwa amemsikia akisoma matangazo kanisani. "Sauti yake haitetemeki," alisema.

Mitambo ilifungwa na Prosper, fundi kutoka Dar es Salaam, kijana mwembamba asiyezoea baridi. Kabla ya kufunga chochote alizunguka vilima vyote na redio mbili, akiita na kusikiliza, hadi watu wakadhani anatafuta madini. Mlingoti mrefu akausimamisha Tukuyu. Redio moja ikawekwa Isongole, pamoja na ndogo ya mkononi, nyingine Nkunga, nyingine ndani ya gari la Lugano.

"Mama, huu mlingoti wako ni mrefu," alimwambia. "Utasikia hata wasiosikiana wenyewe kwa wenyewe. Lakini gari likikata kona ya Nkunga na kushuka bondeni kwenye daraja, hapo halisikii wala halisikiki. Kilima kinakinga. Gari linakuwa kama limekufa, mpaka lipande ng'ambo."

"Usiseme limekufa," Mama Lugano alimkemea. "Mwanangu ndiye analiendesha."

Prosper akacheka, akaomba radhi. Kisha akaacha kucheka. "La pili, hewani hakuna mlango. Ukisema neno kwenye redio, umelisema sokoni." Akawafundisha wote ishara: fedha ziitwe mbegu, na hatari iitwe mvua. Madereva walifundishwa, walinzi walifundishwa, hata wapima kahawa. Lakini siku ya kuondoka alimwita mama na mwana pembeni. "Ishara inayojulikana na watu wote si kufuli tena. Tafuteni neno lenu wawili. Msimwambie mtu. Hata mimi msiniambie."

"Tutasema nini, mama?" Lugano alitania. "'Makande yameungua'?"

"Yakiungua utajua kwa harufu, huhitaji redio," mama akajibu. Wakacheka, wakaingia kazini. Neno hawakulitafuta.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Prosper hakuwa nalo katika mipango yake. Pale Nkunga redio iliwekwa kwenye ghala la wakulima, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Asajile, baba mkwe wake Mama Lugano. Na kwa Wanyakyusa wa rika lake, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakutani naye njiani, na jina lake halipiti kinywani mwake kamwe. Tangu aolewe, Mama Lugano akimwona mzee anakuja huingia migombani hadi apite. Akimtaja husema "babu yako" au "yule wa juu". Hata kanisani, wimbo ukifika penye neno linalofanana na lile jina, kina mama wenzake huimba na yeye hunyamaza, kisha huendelea baada ya neno.

Basi wiki ya kwanza, sauti yake ilipotoka kwenye boksi pale Nkunga, Mzee Asajile alinyanyuka na kiti chake akaenda kukaa nje kwenye manyunyu. Wakulima walivunjika mbavu. "Mkwe ameingia ndani bila kubisha hodi!" Ukoo ukakaa kikao. Wakaamua kwamba sauti si mtu, mzee anaweza kukaa nayo chumba kimoja, maadamu wawili hao hawasemeshani na jina halitajwi. Prosper aliposimuliwa alishika kichwa. "Hata vyuoni hili hawafundishi," akasema.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu mzito, ule wa Tukuyu unaoingia hadi chini ya vitanda. Lugano alikuwa ametumwa benki Mbeya kuchukua fedha za kununulia kahawa. Mzee Boazi, kabla hajaondoka kwenda Kyela, alikuwa amenyakua redio asubuhi na kupaza sauti, "Lugano! Ukitoka benki usije huku, nenda moja kwa moja Nkunga, wakulima wanasubiri malipo!" Hapakuwa na mbegu wala nini.

"Mzee, fundi alisema..." Mama Lugano alianza.

"Fundi yuko Dar, mimi niko hapa," bosi akajibu, akaondoka.

Mchana ulipoanza kuinama, boksi lilikwaruza. Mama Lugano akajiweka sawa kuitikia. Lakini hakuna aliyeita. Kulikuwa na sauti za wanaume, za mbali, zikizibwa kama zinatoka ndani ya nguo.

"...nimekwambia usiikalie hiyo redio."

"Sijaikalia. Iko mfukoni."

"Mti wa huku juu ya daraja tayari?"

"Umebaki kusukumwa. Akishafika darajani tu, unalala mbele yake."

"Na dereva?"

"Dereva ni kazi ya Ezron. Si amekaa nyuma yake? Ana kisu. Redio ikisema habari za mvua, au yule kijana akishtuka, Ezron hangoji daraja. Anammaliza hapohapo."

"Kijana wa watu, masikini."

"Kijana wa watu angekuwa mwalimu."

Wakacheka. Kitufe kikaachia. Chumba kikarudi kwenye mkwaruzo.

Ilikuwa ile redio iliyopotea Isongole, Mama Lugano akatambua, kitufe kimekandamizwa mfukoni, na ni mlingoti wake mrefu tu ulioinasa. Ezron! Mlinzi wa kampuni, aliyekunywa chai yake kila asubuhi na kumwita mama. Ezron aliyeketi na wenzake Prosper alipofundisha ishara, akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Akasimama, akakaa. Kukimbia polisi? Hata angekimbia kama swala, gari lingekuwa limekwisha shuka bondeni. Kumwita Esnath, karani wa redio pale Isongole, amzuie Lugano? Neno lolote kwa Esnath lingesikika ndani ya gari, na Ezron alikuwa na masikio. Kusema mvua ilikuwa ni kumchinja mwanawe kwa mkono wake. Akaliona lile neno ambalo hawakulitafuta, likiwa limeachwa wazi kama tundu la paa. "Ee Kyala," akasema, "Mungu wa wajane, usinyamaze."

Boksi likaita. "Tukuyu, Tukuyu, gari hapa. Niko Isongole, nimejaza mafuta. Nakata kona ya Nkunga sasa hivi. Ova."

Ilikuwa sauti ya Lugano, nyepesi, ya mtu aliyeshiba. Na nyuma yake nyingine ikasema kwa furaha, "Msalimie mama!"

Mama Lugano alikaa wima. Akakumbuka maneno ya bosi, kwamba sauti yake haitetemeki, akashika ukingo wa meza. Ni kitu gani Lugano anakijua ambacho Ezron hakijui? Ni kitu gani mtoto hajawahi kukisikia kwa mama yake tangu azaliwe?

Kikamjia, na kilipomjia kilimtisha karibu sawa na kisu. Kwa kuwa Nkunga nako redio ilikuwa wazi. Wakulima wamejaa, wanangoja malipo, na mzee yuko kwenye kiti chake.

Akabonyeza kitufe.

"Gari, nakupata. Kabla hujakata kona kuna ujumbe, mwanangu. Asajile anaomba umnunulie debe la viazi hapo sokoni. Ova."

Mkwaruzo.

"Rudia, Tukuyu." Sauti ya Lugano ilikuwa imepungua wepesi. "Nani anaomba? Ova."

"Asajile. Asajile wa Nkunga. Ingia sokoni kabisa, uchague mwenyewe, usimtume mtu. Ova."

"Viazi tena?" Ezron alinung'unika kwa nyuma. "Tutachelewa, bwana."

"Mzee wa watu huyo, tumnunulie," Lugano akamjibu. Kisha karibu na kipaza sauti, taratibu: "Nimekupata, mama." Hakusema ova.

Baada ya hapo ilibaki kungoja. Mama Lugano alitazama boksi kama mtu anayetazama mlango wa wodi. Je, ameelewa? Au amedhani mama amerukwa na akili, na sasa anakata kona huku akitikisa kichwa? Kutoka Nkunga hakuna aliyesema neno, hata wale wapenda utani. Aliijua ile namna ya kunyamaza. Watu wote mle ghalani walikuwa wanatazama sakafu, wasimtazame mzee.

Boksi likakwaruza tena, zile sauti za mfukoni.

"Mbona hafiki?"

"Si umesikia? Ananunua viazi vya mzee sijui nani."

"Hawa Wanyakyusa na viazi vyao!" Wakacheka tena, na Mama Lugano akatamani kuziba masikio, ila hakuthubutu. Wakiwa wanacheka, mwanawe hajafika kwao. Aling'ang'ania kicheko chao kama kamba.

Kisha wakanyamaza. Ukungu ukagonga dirisha. Akaimba moyoni wimbo mmoja wa kwaya na kuusahau katikati, akauanza upya.

"Tukuyu! Tukuyu! Mama Lugano! Ova! Yaani, Isongole hapa!" Alikuwa Esnath, anahema. "Mama we, huku kuna vita! Lugano ameliingiza gari katikati ya magunia na wapakiaji, akachomoa ufunguo akaruka nje, anapiga kelele, Mshikeni huyo garini! Mara kisu kikatoka!"

"Esnath, mwanangu."

"Wapakiaji wamemrukia Ezron, wamemfunga kwa kamba za magunia, mwingine amemkalia juu, lile jibaba Ackson, unalijua..."

"Esnath! Lugano yuko hai?"

"Yuko hai! Amechanwa mkono, anatoka damu, lakini anatukana. Mtu anayetukana hafi, mama. Polisi wa kizuizi cha barabarani wanakuja. Ova!"

Mama Lugano akaweka paji la uso juu ya meza. Machozi yalitoka bila sauti. Kule kilimani juu ya daraja ile redio ya mfukoni ilikwaruza mara moja, kwa pupa, ikakatika. Walikuwa wamesikia. Polisi walipofika jioni waliukuta mti umekatwa karibu wote, unasimama kwa ganda tu, na nyayo zinazopotea msituni. Redio haikupatikana.

Alikuwa bado ameinama pale boksi lilipoita kutoka Nkunga. Haikuwa sauti ya karani wa ghala la kule. Ilikuwa ya mzee, nzito, isiyojua kutumia kitufe, ikianza katikati ya neno.

"...toto yuko hai?"

Mama Lugano akashtuka. Peke yake chumbani, akavuta kanga akajifunika kichwa hadi machoni, akageuza uso ukutani. Tangu aolewe, mzee huyu hajapata kumwelekezea neno. Mkono ukatafuta kitufe kwa kupapasa.

"Yuko hai, baba."

Boksi likakwaruza.

"Ndaga," mzee akashukuru, na redio ikazimwa.

Jumapili Mama Lugano alipeleka jogoo, kwa mkono wa shangazi mmoja, kuomba radhi kwa kulitamka jina mbele ya watu. Jogoo alirudi siku hiyohiyo, na ujumbe kwamba achinjwe, Lugano ale, arudishe damu. Zaidi ya hapo hakuna kilichosemwa. Mama Lugano aliendelea kuingia migombani mzee alipopita, na safari hizo miguu yake ilikuwa mizito kidogo kuliko zamani, kama mtu anayetamani kugeuka.

Prosper alirudi kwa basi kubadili chaneli zote na kufuta ishara za zamani. Mzee Boazi alimfuata kila mahali akiitikia "ndiyo, ndiyo," na kitufe hakukigusa. Fundi alipomaliza alikuja chumba cha redio akakaa kwenye gunia.

"Mama, nimeambiwa ulisema neno moja likapita masikioni mwa wezi wote bila kushikwa. Neno gani?"

"Siwezi kulitaja."

"Mimi ndiye fundi wenu!"

"Hata ungekuwa mchungaji."

Lugano, mkono ukiwa kwenye bandeji, alicheka hadi akaushika kwa maumivu. Prosper akawatazama mmoja mmoja, akainua mikono. "Vyema. Ila lile limekwisha tumika. Waliolisikia watauliza, na kuna atakayewaeleza. Ile redio iko mahali fulani, na mwenye nayo hajulikani. Mna lingine?"

Mama na mwana wakatazamana. Boksi, lenye chaneli yake mpya, lilikuwa linakwaruza polepole mezani, na Mama Lugano alilitazama jinsi mtu anavyotazama nyasi alimoona nyoka akiingia.

"Twende," akamwambia Lugano.

Walitoka nje, wakapita ghala, wakapita choo, wakaingia ndani kabisa ya migomba ambako hata mlingoti haukuonekana kwa ukungu. Mama akageuka nyuma, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akamvuta mwanawe kwa ukosi wa shati, akaweka mdomo sikioni mwake.