Namba Zilizokataa Kushuka

Tangu asubuhi binti hakutulia. Alikaa, akainuka, akaichungulia mashine kama mtu aliyebandika maziwa jikoni. Na haki yake. Ndani ya ile mashine ya kuhesabu mionzi mlikuwa na sampuli moja tu, ambayo nguvu yake inakufa nusu, kisha nusu ya nusu, na kazi yake yeye ni kupima nusu moja inachukua muda gani. Akiharibu leo, shahada ingoje mwakani. Alikwisha kungoja vya kutosha.

Namba zilikuwa zinashuka vizuri mpaka baba yake alipoingia, fundi cherehani mwenye maneno mengi, na koti la maabara mkononi.

"Nimekutilia kifungo. Utasimamaje mbele ya wasomi kifua wazi?"

"Shikamoo baba. Weka hapo, usinisemeshe."

"Marahaba, mkubwa wa kazi."

Namba zikapanda. Jamani, kitu kinachokufa kimefufuka lini? Binti alikaza nyaya, akakagua swichi, akarudia nyaya zilezile.

"Ipige kofi," baba akashauri. "Cherehani yangu ndivyo inavyoelewa."

"Baba, tafadhali."

Mzee akaenda zake msalani. Namba zikashuka. Akarudi, zikapanda. Binti akachukua kipimo kidogo cha mionzi cha mkononi, akamsogezea kifuani. Kikalia mfululizo.

"Umetoka wapi, baba?"

"Sokoni."

"Baba."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na mashine ya mwanawe.

"Hospitali," alisema hatimaye. "Wamenichoma sindano ya hiyo mionzi yenu, wapige picha ya mifupa. Daktari hapendi anachokiona. Nikasema umalize kwanza, ndiyo nikwambie."

"Sasa mbona umekuja?"

Baba alikichezea kile kifungo. "Nyumbani nimeshindwa kukaa peke yangu."

Kisha akainuka. "Ngoja nitoke, nisije nikakuharibia."

Sampuli ilikuwa bado na uhai kidogo. Mzee angetoka wakati ule, huenda kazi ingeokoka, na hilo binti alilijua kuliko mtu yeyote. Akavuta kiti, akakiweka ubavuni mwa chake, pale pale mbele ya mashine.

"Kaa hapa, baba."

Namba zikapanda tena. Hakuziangalia.