Joho Lisiloguswa na Maji

"Halifuliwi, mama, nimeshakwambia hali..."

"Usiniambie halifuliwi, niambie nani alitapika humu..."

"Hakutapika mtu, huo ni mchuzi wa..."

"Basi nani alikula humu ndani bila sahani?"

Walikuwa wanasema kwa pamoja, kila mmoja anamrukia mwenzake kabla hajamaliza, na katikati yao, juu ya meza ya chumba cha stoo nyuma ya ukumbi wa baraza, lilikuwa limelala joho la meya. Jekundu, zito kama blanketi lililonyeshewa, na kola ya manyoya ambayo zamani ilikuwa nyeupe na sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara.

Aliyekuwa analishambulia ni fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilokunja yeye halifumuki hata uzikwe nalo. Aliyekuwa analitetea ni tarishi wa baraza, Mzee Rungu, aliyepata jina kwa ile kazi yake kubwa ya kumtangulia meya ukumbini na rungu la fedha begani, uso ameukaza kama amebeba jeneza la baba yake.

Mama Pindo ameitwa kulipunguza. Alasiri hiyo hiyo ndipo meya mpya angeapishwa, na meya mpya ni mwanamke, wa kwanza tangu mji upate baraza. Tena ni mdogo wake Mama Pindo, tumbo moja, ziwa moja. Joho lenyewe lilikatwa kwa vipimo vya wanaume wenye vitambi. Akilivaa lilivyo ataonekana kama mtoto aliyejificha kwenye pazia.

Kulipunguza si kazi. Kazi ni kulishika. Lilikuwa na harufu ya aina yake, si moja, ni harufu zilizokaa kikao: jasho la zamani limekaa mbele, mafuta ya kukaangia yamekaa pembeni, ugoro umekaa juu ya kola, na nyuma kabisa kuna kitu kama panya aliyekufa akiwa na matumaini. Kwapani palikuwa pamekauka chumvi, ukipakunja panalia kama karatasi.

Mzee Rungu akashusha sauti, kana kwamba joho lina masikio. Akaeleza kwamba zamani alikuwepo meya mmoja msafi kupindukia, akalipeleka kwa dobi. Joho halijarudi kupigwa pasi, madiwani wakampigia kura ya kumtoa. Tangu hapo halikuguswa na maji. Anayelifua, cheo kinatoka na povu. Ndivyo wanavyoamini wote, waliosoma na wasiosoma, na anayesema haamini hajawahi kulisogeza karibu na bomba.

Halafu mzee akaanza kumtembeza kwenye madoa, kidole kinapita juu kwa heshima. Hapa ni mheshimiwa fulani, alipenda supu. Hapa ni fulani, alikuwa na mafua ya kudumu, Mungu amrehemu. Huu mkono wa kulia ni wa wote, wote walikuwa wanafutia mdomo hapa.

"Ukubwa jalala, mama," akamalizia.

"Wahenga walisema ukubwa jalala, mzee. Hawakusema tulivae."

Akafunga kitambaa puani, akachukua mkasi na kuanza kufumua bitana. Ndani ya bitana kukatoka mambo. Vijiti vya meno vilivyotafunwa, vingi, vimelala pamoja kama kuni. Ngozi ya kuku iliyokauka ikawa kama soli. Na jino. Jino la bandia, la mbele, na waya wake.

Mama Pindo akarudi nyuma mpaka akagonga rafu. Mzee Rungu yeye alilisogelea, akaliinua kwenye mwanga, macho yakalainika. Akasema kumbe lilikuwa humu. Mwenye jino alilitafuta mpaka akamfukuza mpishi. Akalifuta kwenye suruali, akalitia mfuko wa shati, juu ya moyo.

Mama Pindo akakaza kitambaa puani. Lakini kilichokuwa kinamkera zaidi hakikuwa jino. Alikuwa anaiona shingo ya mdogo wake ndani ya ile kola. Huyu mdogo wake ni mtu wa kusuuza kikombe kilichosuuzwa. Utotoni, wao wawili wakitumwa kufua, yule mdogo alikuwa analipindua beseni, analikalia, anajifunga shuka mabegani na kutangaza kwamba yeye ni malkia na malkia hafui. Mkubwa anabaki anafua vya wote wawili kwenye ndoo, anatukana chini chini, na malkia anatoa amri: kola hiyo bado, sugua. Jina likamganda. Mpaka leo nyumbani ni Malkia, na madiwani walipolisikia wakalichukua, ila wao wanalitamka kwa kuvuta midomo, kama mtu anayemwita paka.

Miaka yote hiyo Mama Pindo alifua akijua kuna siku. Sasa siku yenyewe ndiyo hii, na zawadi yenyewe ndiyo hii, inanuka.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliingia Naibu Meya, paja la kuku mkononi. Ndiye aliyekuwa anakaimu tangu meya wa mwisho alipougua, kwa hiyo madoa mabichi yote yalikuwa yake. Mtu mkubwa, mchangamfu, wa kucheka kwanza na kusema baadaye. Alisalimia vizuri, akauliza kazi inaendaje, na huku anauliza akauchukua mkono wa joho pale mezani, akafutia vidole. Kimoja kimoja. Wala hakuangalia. Ni kama vile mtu anavyojikuna.

Mama Pindo akautazama ule mkono, akamtazama yeye.

"Mheshimiwa, hii si taulo."

Naibu akacheka. Akasema fundi asijali, mambo ya usafi sasa yamepata mwenyewe. Nyuma yake walisimama madiwani wengine wawili watatu waliofuata harufu ya kuku, na yeye akapata ukumbi.

"Tumekaa kiseja miaka yote hii," akasema. "Sasa mama mwenye nyumba ameingia. Jumamosi Malkia wetu ataloweka joho, ataloweka na mapazia. Na vikombe vya chai ndiyo usiseme."

Wakacheka wote. Mmoja akaongeza kwamba yeye ana soksi. Walicheka tena, wakaondoka wakipigana mabega, na paja la kuku likabaki mfupa kwenye kizingiti cha dirisha.

Mama Pindo alikuwa amekuja na beseni, kubwa la plastiki, ndani yake mna mkasi, nyuzi, chaki na pasi, ndivyo anavyobeba vifaa siku zote. Na chini kabisa, mche wa sabuni, kwa sababu tangu alipoambiwa joho la baraza alikuwa na wasiwasi wake. Akavitoa vyote. Bomba lipo uani, hatua chache tu. Jua ni kali. Akisugua angalau kola na makwapa, litakauka. Mzee Rungu alipoona beseni tupu akaenda kusimama mlangoni, mikono ameitanua kama golikipa, akasema mama atapita juu ya maiti yake. Mama Pindo akamjibu kwamba kwa harufu iliyopo maiti moja zaidi haitajulikana.

Hapo ndipo mdogo wake Mama Pindo akaingia mwenyewe. Gauni jeusi la kawaida, viatu vya chini, mkoba kwapani. Mzee Rungu akakakamaa. Yeye akamwomba, kwa upole, awaachie chumba kidogo.

Mama Pindo hakumpa nafasi ya kukaa. Akamweleza yote kwa mpigo, mchuzi, ugoro, jino, vidole vya Naibu kimoja kimoja, soksi. Akamwambia asogee, anuse.

"Nimeshalinusa, dada. Siku zote za udiwani wangu nimekaa safu ya mbele. Nalijua mpaka likiwa na njaa."

"Basi toka mlangoni nikalifue."

"Usilifue."

Mama Pindo alidhani hakusikia vizuri kwa sababu ya kitambaa. Akakishusha.

"Unaogopa cheo kitatoka na povu? Na wewe?"

Mdogo wake akasema hapana, cheo hakikai kwenye kwapa. Akavuta kiti, akakikagua, akakifuta, ndipo akakaa.

"Wale wanangoja tu lifuliwe," akasema. "Hukuwasikia? Likifuliwa leo, hata akilifua mtu mwingine wa kwetu, mimi mpaka natoka humu ni yule mwanamke aliyeingia akafua. Barabara nitakazojenga hazitakumbukwa. Soko halitakumbukwa. Watasema alikuja mwanamke, tukapata joho safi. Na yule mwanamke mwingine atakayekuja baada yangu, watamngoja na vikombe."

"Na ukilivaa hivi?"

Mdogo wake aliinamia meza. Alikuwa anakitazama kile kijibonde cha mafuta kwenye kola, mahali zilipokuwa zinalala shingo zote.

"Nikilivaa hivi nitakuwa mwenzao," akasema.

Alilisema kama mtu anayesoma bei. Mama Pindo akamwangalia na kinyaa kikamshika upya, hiki hakikutoka puani. Madoa aliyavumilia, jino alilivumilia. Lakini huyu aliyekuwa anakataa kunywa kikombe alichoonja mama yao, leo amekaa mbele ya uchafu wa wanaume watu wazima na anaupigia hesabu. Akamwambia hivyo hivyo bila kupunguza. Akamwambia kwamba hakumfulia utoto mzima ili aje kuvaa vya watu visivyofuliwa. Kama ni kuwa mwenzao, basi na jino lile akaliombe kwa Mzee Rungu, alivae.

Mdogo wake akainuka. Machozi hayakuwepo, ila pua imekunjwa, ile ile ya utotoni.

"Nipe hiyo sabuni, dada."

"Ya nini?"

"Nipe tu. Nikikuachia utalifua, nakujua."

Akautia mche kwenye mkoba, akaufunga, akatoka. Mama Pindo akabaki na joho. Akarudisha kitambaa puani na kushona, mishono midogo midogo ya hasira, analaani kila pindo analolikunja. Alipunguza mabega, alipunguza kiuno, alifupisha chini. Harufu tu ndiyo hakuweza kuipunguza.

Alasiri ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ukutani walining'inia mameya waliopita, picha kwa picha, wote na joho lile lile, na ukiwa umeshalishika huwezi tena kuwaangalia usoni, unaangalia mikono. Mama Pindo alikaa benchi la ndugu, beseni lake chini ya miguu, na aliapa moyoni kwamba mdogo wake akiingiza tu mkono kwenye lile dude, yeye atanyanyuka aende zake, na nyumbani wasimsemeshe mpaka mwaka ugeuke.

Hakimu akasoma, mdogo wake akafuatisha, neno kwa neno, sauti haikutikisika. Akatia sahihi. Makofi. Sasa ni meya, hakuna wa kulibadilisha hilo. Kilichobaki ni kuvishwa.

Mzee Rungu akagonga sakafu. Naibu akaja na joho, amelitandaza mikononi, tabasamu limefika masikioni. Safu ya mbele wakaegemea nyuma kidogo, bila kukusudia, kama majani upepo unapopita. Diwani wa soksi akamnong'oneza jirani yake, wakaziba midomo. Naibu alisimama nyuma ya Meya, akalifungua joho, na ile kola ikasogea taratibu kuelekea shingoni. Mama Pindo alishaanza kuinuka.

Meya aligeuka, akatazamana na Naibu. Akalishika joho kwa ncha za vidole viwili, akaufunua mkono wa kulia ili watu wote wauone ulivyo, unavyong'aa, na mafuta ya kuku ya asubuhi bado mabichi. Halafu akafungua mkoba, akatoa mche wa sabuni na kuuweka mezani, kando ya kitabu cha kiapo. Mzee Rungu akaachia mdomo wazi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

"Mheshimiwa Naibu," akasema Meya, kwa ile sauti ambayo mtu mmoja tu ukumbini humo aliwahi kuisikia, ikitoka juu ya beseni lililopinduliwa, "nina ombi langu la kwanza kwako. Beseni lile pale, dada yangu atakuazima. Bomba liko uani. Ukalifue, tafadhali, na kola uisugue kwa mkono. Sisi tutakusubiri."