Panzi Wangu

“Simu si yangu,” Lilly alirudia. “Mimi nachaji tu.”

“Unachaji, na namba ya siri iko kwa kichwa yako,” Celestino alisema. “Soko yote ya Jebel inajua.”

Hilo hakuweza kulikana. Wanawake wasiojua kusoma walimwachia simu kwenye banda lake la sola pamoja na namba za kuzifungulia, ili watoto wao wakiandika kutoka Uganda awasomee na kuwajibia. Mama Lako, muuza mboga wa ng’ambo ya njia, alikuwa mmoja wao, na simu hii ilikuwa yake. Mwanawe alirekodi askari wakiwapiga wachuuzi, akaisambaza video, akavuka mpaka pale Nimule, akaingia Uganda.

Celestino wa usalama alieleza taratibu, kama anayeagiza chai. Kampuni ya meseji ilimjibu kwamba meseji za kijana huyo zimefungwa, hata yenyewe haiwezi kuzisoma. Hakukasirika.

“Mashine ya kufungua iko hapa,” alisema, akimgusa Lilly paji la uso. “Inavaa kitenge.”

Lilly alitazama pikapu iliyosimama mbele ya banda. Binti yake Suzan alikuwa ameketi nyuma kati ya wanaume wawili, katika sare ya shule. Mmoja alikuwa akimfumua nywele, msuko mmoja mmoja, bila haraka.

Lilly akabonyeza namba. Simu ikafunguka.

“Andika,” Celestino alisema. “Mama anaumwa sana, aje Nimule kesho.”

“Andika wewe.”

“Atajua si mama yake. Andika vile unaandikanga. Akikubali kuja, msichana anashuka. Akikataa, analala na sisi.”

Kila neno la mama ambalo kijana yule alilipokea ugenini, Lilly ndiye aliyeliandika. Walikubaliana wote watatu, yeye, mama na kijana: meseji isiyoanza na jina la utotoni la kijana, asiijibu. Celestino hakulijua jina hilo.

Lilly aliandika: Lako, mama anaumwa sana. Njoo Nimule kesho.

Kidole kikasita. Garini, yule mwanamume alimaliza msuko wa mwisho, akaanza kumfungua Suzan vifungo vya kola.

“Lilly,” Mama Lako aliita, akinyunyizia mboga zake maji. “Mwanangu ameandika?”

Lilly alimwinulia mkono asubiri. Akafuta neno la kwanza, akaandika Panzi wangu, akatuma.