Kupanda na Kuendesha

Kosa lote lilianzia kwenye neno moja, na neno lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Lila alikuwa amemimina chai ya maziwa jikoni kwake Walthamstow, London. Akaisogeza sahani ya kachori kwa kupapasa, maana macho yake siku hizi yaliona pembeni tu, katikati hayaoni kitu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza kama nje kuna mvua:

"Placida, wewe umewahi kupanda baiskeli?"

"Mimi? Nimepanda sana, Mama Anjali! Sekondari yote nilikwenda shule kwa baiskeli."

Na hakusema uongo. Alipanda kweli. Alipanda kwenye keria, nyuma ya kaka yake Francis, mkoba mapajani na mikono imeshika shati la kaka, kutoka kwao Kilema, kule mlimani Kilimanjaro, hadi shuleni na kurudi. Kwa Kiswahili chetu aliyekaa mbele amepanda na aliyekaa nyuma amepanda, wala hakuna anayeuliza nani alikuwa anakanyaga. Usukani wa baiskeli Placida hakuwahi kuushika hata siku moja.

Lila akapiga makofi. "Basi nimempata mtu wangu! Utanipeleka Ufaransa."

Akaeleza. Kila mwaka wakati wa joto, yeye na marehemu mumewe Alkesh walivuka bahari kwa feri na baiskeli yao ya watu wawili, wakaenda kutembea Normandi kwenye njia iliyokuwa reli zamani. Mataruma yaling'olewa, ikawekwa lami, magari yakapigwa marufuku. Alkesh alikaa mbele, Lila nyuma, na walikuwa wakienda kutwa nzima bila kusikia honi. Sasa Alkesh hayupo, na baiskeli imesimama bandani imefunikwa shuka.

"Nataka mara moja tu nyingine," Lila alisema. "Huku London siwezi, basi likinipita karibu roho inatoka. Kule hakuna traffic. Na nyuma sihitaji macho, nahitaji mtu wa mbele. Mwanangu Anjali mgongo wake mbovu. Nikafikiri, nani? Nikasema, Placida."

Kachori ikamkwama Placida kooni. Ni nesi, amewaokoa watu wengi waliopaliwa, lakini kipande kile kilikataa kushuka na kikakataa kutoka. Hapo ndipo pa kusema ukweli. Hakusema.

Mtu angeweza kumwita mjinga, lakini kwanza amjue Lila. Placida alifika London mwezi wa Januari akiwa na sweta moja la kuendea kanisani, na ndugu aliyepaswa kumpokea alikuwa amehama bila kuaga. Akaingia duka la vitambaa karibu na soko la Walthamstow, si kununua, ni kuota joto tu. Mama wa Kihindi aliyekuwa nyuma ya kaunta, ndiye Lila, akamtazama, akasema kwa Kiswahili cha Moshi alikozaliwa: "Wewe mtoto wa wapi? Mbona midomo imekuwa bluu?" Placida alilia palepale katikati ya majora ya vitambaa. Jioni ile alilala chumba cha juu ya duka, akakaa humo mpaka alipomaliza masomo ya unesi. Alipojifungua, baba wa mtoto akaingia mitini, na Lila ndiye aliyemlea mtoto kila mama yake alipokuwa zamu. Ndiyo maana mtoto aliitwa Haika, ambalo kwa Kichagga ni asante.

Na kwa miaka yote hiyo Lila hakuwahi kumwomba Placida chochote, hata glasi ya maji. Leo ameomba kitu kimoja.

"Sawa, Mama Anjali," Placida akasema baada ya kumeza. "Tutaenda."

Njia nzima ya kurudi nyumbani kwake Lewisham alijisuta. Haika, ambaye sasa ni msichana mkubwa, anayesikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, alimsikiliza mama yake mpaka mwisho na kufunika uso kwa viganja.

"Mum, you told her *what*?"

"Nilimwambia nimepanda. Na nimepanda."

"On the back!"

"Utanifundisha ama utanicheka?"

Alifanya yote mawili. Walianza Aprili, kwa baiskeli ya Haika, katika bustani iliyo nyuma ya hospitali, yaani mbele ya macho ya wauguzi wenzake wote waliokuja kula mikate yao nje. Placida, ambaye mkono wake hautetemeki akimchoma mtu sindano, alikiogopa kile chuma kisicho hata na injini. Alianguka kulia, akaanguka kushoto, siku moja akaangukia pipa la taka. Kanisani wanakwaya wenzake walipomwuliza kwa nini anachechemea, akasema ameteleza bafuni, na mama mmoja mwema akamletea mkeka wa mpira wa kuweka bafuni.

Ni Haika aliyegundua tatizo. Mama yake alikuwa anauvuta usukani kifuani kila alipoogopa, na baiskeli ikawa inakwenda upande. Miaka yote ile ya keria mikono yake ilijifunza jambo moja tu: ukiogopa, vuta shati la mtu wa mbele. Sasa mbele hapakuwa na mtu.

"Stop pulling it, Mum. Just hold it."

Aliacha kuvuta. Ilimchukua wiki kadhaa, na Mungu anajua magoti yake yalilipa, lakini mwezi wa Juni alizunguka bustani nzima bila kugusa chini. Alishuka akamkumbatia binti yake kwa nguvu mpaka Haika akaomba hewa.

Lakini kuendesha peke yako ni jambo moja, kuendesha na mtu nyuma ni jingine. Jumamosi iliyofuata waliitoa baiskeli ya Alkesh bandani, wakaikokota hadi njia ya kando ya maji kule Walthamstow, Haika akibaki nyuma kuomba dua kimyakimya. Lila alipanda siti ya nyuma kwa madaha, akajifunga helmeti, akasema, "Twende!"

Walikwenda. Walikwenda mita chache sana, baiskeli ikayumba, ikajiamulia njia yake yenyewe, ikawaingiza kichakani.

Hakuna aliyeumia. Lila aliketi kwenye majani, akaiweka helmeti sawa. "Placida," akasema, "ulikuwa unatetemeka. Mpaka siti yangu ilikuwa inatetemeka."

Basi Placida akasema yote: Kilema, keria, shati la Francis, pipa la taka.

"Keria," Lila akarudia.

"Keria, Mama Anjali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeghairi."

Placida aliogopa kuliko alivyoogopa kuanguka, maana alijua wazi kwamba mama huyu ana haki ya kukasirika, na akisema basi, safari imekufa na hataomba tena kitu maisha yake yote. Lila alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata goti la Placida, akayagusa makovu mapya moja moja.

"Haya yote umeyapata kwa ajili yangu?"

"Moja ni la pipa."

Lila akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akapangusa macho na ncha ya skafu. "Ningeghairi kweli," akasema. "Ningesema nakutesa. Haya, nyanyua baiskeli. Alkesh siku ya kwanza alitutumbukiza mtaroni mbele ya padri wa Kifaransa na waumini wake wote. Wewe umetuficha kichakani, una heshima zaidi."

Walifanya mazoezi mpaka Julai ikaisha. Agosti wakavuka bahari, Haika akitangulia kwa baiskeli yake iliyojaa mizigo kama anahama.

Na njia ilikuwa kama Lila alivyosema. Ilinyooka kati ya miti ya matofaa na malisho, ikapita kwenye stesheni ambazo treni imezisahau, nyingine zimegeuzwa nyumba, na maua yamepandwa pale abiria walipokuwa wakisimama. Hapakuwa na gari. Mtu alisikia magurudumu yake mwenyewe na ndege, basi. Placida, ambaye kwa miaka mingi alilala akisikia magari ya wagonjwa, alihisi mabega yake yakishuka yenyewe. Alimshukuru Mungu kwa sauti, na Lila nyuma akaitikia.

Walipeana kazi. Placida alisema anachokiona, Lila akasema anachokinusa.

"Ng'ombe, upande wa kulia. Weupe, wana madoa ya kahawia."

"Wangapi?"

"Mama Anjali, nikiwahesabu tutaanguka."

"Haya. Hapa wamekata majani leo asubuhi. Na mtu anaoka mkate."

Siku ya pili alasiri njia ilianza kupanda. Si kilima cha kutisha, ni mwinuko wa polepole usiokwisha. Lila alikuwa amechoka. Miguu yake ikaacha kuzungusha pedali, ikawa pedali ndizo zinazoizungusha, na Placida akahisi mgongoni uzito kamili wa mtu anayemwamini. Mapaja yakamwaka moto. Pumzi ikawa fupi. Hakusema. Alichosema ni hiki:

"Pumzika tu, Mama Anjali. Karibu tunafika."

Alipoisikia sauti yake akashtuka, kwa sababu maneno hayakuwa yake. Yalikuwa ya Francis. Kila siku wakitoka shule, pale barabara ilipoanza kupanda kuelekea nyumbani, Francis alisema vilevile, kwa pumzi ileile ya kukatika: "Tulia tu, karibu tunafika." Pakizidi ukali alishuka akasukuma, na yeye Placida akabaki amekaa juu kama bibi harusi, akiimba nyimbo za shule. Hakuwahi kufikiri kwamba ile ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka. Machozi yakamtoka, akayaacha, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Nini?" Lila akauliza, kwa kuwa mtu wa nyuma huhisi kila kitu.

"Mdudu jichoni."

Walifika juu.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi London, Placida alikwenda Walthamstow na kachori alizozikaanga mwenyewe, zikiwa zimeungua kidogo. Lila akamimina chai. Haika alikuwa sebuleni akipanga picha za safari kwenye televisheni, azikuze mpaka Mama Anjali aweze kuziona kwa pembeni. Placida akampigia Francis huko Kilema, akaweka simu mezani ili Lila naye asikie.

Walisalimiana, wakaulizana habari za migomba na za mvua. Kisha akasema, "Kaka, nikuulize kitu. Nilikuwa mzito?"

"Lini?"

"Kwenye keria. Wakati wa shule."

Francis akacheka kicheko kirefu cha mzee. "Aisee! Ulikuwa mzito, dada. Unakula ndizi zetu zote halafu unapanda na mkoba wa vitabu. Kuna usiku nililala miguu inaruka yenyewe."

"Mbona hukusema hata siku moja?"

"Sasa ningesemaje?" Francis alisema, akishangaa swali lenyewe. "Ungeshuka ukatembea."

Upande wa pili wa meza Lila aliweka kikombe chini. Alinyoosha mkono, akautafuta wa Placida kati ya vikombe na sahani, akaushika.

Placida alitaka kushukuru. Kiswahili kilimpotea, Kiingereza hakikumsaidia, likabaki neno moja tu la kwao, akalisema kwa nguvu ili lifike mpaka Kilema:

"Haika!"

"Yes, Mum?" binti yake akaitikia kutoka sebuleni.