Makatazo ya Mimba

Mjukuu wangu Sufyan ana miaka minne na hajatamka hata neno moja. Ukimwita hageuki. Hupanga visoda vya chupa barazani, akimaliza huvivuruga akavipanga upya. Muda wote huo mwenye makosa nilimjua, wala sikumficha: ni mamake, Israa, mke wa mwanangu Ghanim.

Mimi hulea mimba kwa makatazo. Asitoke nje magharibi ikiingia, asikae kizingitini, asiende penye maiti. Mimba ya Sufyan ilikuwa ya miezi mitano Israa alipokwenda mazishini kwa shoga yake, hapa hapa Bofu, na mimi nimeshamkataza. Basi mtoto alipotimiza miaka miwili yu kimya, sikuhitaji daktari. Kila aliposhindwa kumtuliza nilimtajia yale mazishi. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa.

Sasa ana mimba tena, na imeingia mwezi wa tano. Juzi tulimchukua Sufyan tukaenda kliniki kusikiliza majibu ya damu ya Israa, iliyopelekwa ng'ambo na watafiti. Daktari Lynnette, binti mpole, alitueleza taratibu. Mwili wa mama hutengeneza kingamwili, askari wa kupigana na maradhi, na huwapitisha kwa mtoto tumboni wamlinde. Lakini katika damu ya Israa wamo wengine wanaoushika ubongo wa mtoto unapoumbika. Huenda ndio waliomgusa Sufyan, hakika haiko. Nikauliza kama na huyu watamgusa. Akasema huenda, na huenda wasimguse. Nikauliza dawa. Hakuna. Chakula je? Hakuna cha kula wala cha kuacha. Wameshaanza kupita, na kila siku wanapita.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, habari ya mazishi.

"Mazishi hayahusiki kabisa, bibi," akasema. "Na yeye hakukosa lolote."

Niliona haya, nikabaki kuangalia viatu vyangu. Njia nzima nilingoja Israa anitolee maneno. Ilikuwa haki yake, na wallahi ningalifurahi. Tulipofika nyumbani alimvua Sufyan viatu, akakaa chini karibu na vile visoda, mkono tumboni. Nikamwomba radhi. Tangu nizaliwe sijapata kumwomba radhi mkaza mwana.

"Nimeshakusamehe, Mama," akasema. "Lakini heri ingalikuwa ni yale mazishi. Mazishini ningaliweza kutokwenda."

Nikakaa kando yake, nikitafuta jambo la kumkataza, hata dogo. Sikulipata.